Klampu kwenye Gari la Papa Hénock

Papa Hénock hakuwa mtu wa kulipa kitu asichodaiwa. Sisi Wakongomani wa Yeoville, Johannesburg, tulimjua kwa hilo hata kabla ya kumjua kwa jina. Akinunua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, akapewa chenji pungufu, hata ya kununulia pipi moja, anarudi. Harudi kwa kelele. Anasimama mbele ya dirisha la nondo, anaweka mkate pale kwenye kaunta, anangoja, na foleni nyuma yake ndiyo inaanza kulalamika kwa niaba yake. Mwenye jengo letu alipotudai maji ya mwezi ambao mabomba yalikuwa makavu, watu walinung'unika kwenye ngazi, kisha wakalipa. Papa Hénock alimpelekea ndoo tupu mlangoni.

"Nimekuletea maji unayonidai," alimwambia. "Hesabu mwenyewe."

Kwao Butembo alikuwa na gari la abiria. Barabara ya huko ina barieri, kamba iliyofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kwenye kila kamba kuna mwenye bunduki anayetaka kulipwa. Siku moja alilipa asubuhi, jioni akirudi akawakuta walewale, kamba ileile, wanadai tena. Akasema nimekwisha kulipa. Wakachomoa ufunguo wa gari wakautupa mtoni. Baada ya hapo hakukaa sana nchini. Alipokuwa akisimulia, watu walicheka sana akifika kwenye ufunguo, naye alicheka nao. Ila niliona yeye huacha kucheka mapema kuliko wengine.

Hapa Johannesburg alipata gari aina ya Venture, kuukuu, rangi yake kama maziwa yaliyoungua. Wiki nzima lilihamisha vitanda na friji za watu. Jumapili lilikuwa gari la kanisa: ngoma, spika, kina mama wazee ambao magoti yao hayapandi teksi, na mimi na mtoto wangu Carmel, kwa sababu mume wangu Jumapili anakuwa kazini.

Mume wangu, Emery, ni mlinzi. Analinda maegesho ya kulipia, Braamfontein, nyuma ya jengo ambalo kanisa letu limepanga ukumbi. Siku za kazi magari ya ofisi yanajaa pale. Jumapili panabaki mapipa ya taka na njiwa. Getini kuna ule mti mwekundu na mweupe unaopanda na kushuka, nao pia tunauita barieri. Dereva anabonyeza kitufe, anachukua tikiti, analipa wakati wa kutoka.

Gari la Papa Hénock halikubonyeza kitu. Yeye aliteremsha kioo akasema, "Bwana asifiwe." Emery akajibu, "Amina, baba," akabonyeza kitufe cha kwake ndani ya kibanda, barieri ikapanda. Ilikuwa hivyo tangu Emery aanze kazi pale. Hakuna aliyeona ni wizi. Vijana wetu wanalinda mageti mengi ya mji huu, na salamu ya nyumbani inafungua mengi. Tena Emery hakuwa na mzee hapa. Siku ya mahari yetu ni Papa Hénock aliyekaa upande wake kama baba mzazi, akabishana na wajomba zangu kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Angewezaje kumwambia baba yake chukua tikiti?

Jumapili hiyo tuliteremka kutoka ibadani tukiwa bado tunaimba. Gari lilikuwa pale pale, limeshikwa gurudumu la mbele na chuma cha njano. Hapa wanakiita klampu. Kwenye kioo walikuwa wamebandika karatasi. Tukanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

Msimamizi wa maegesho alikuwa mgeni. Koti lake lilikuwa jipya, na alizungumza kwa upole, Kiingereza cha polepole.

"Tikiti iko wapi, mzee?"

"Sina."

"Hapa gari haliingii bila tikiti. Wewe uliingiaje?"

Niliona macho ya Papa Hénock yakienda kwenye kibanda, yakarudi haraka. Msimamizi naye aliyaona. Akamwita Emery. Emery akaja, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono nyuma.

"Unamjua mzee huyu?"

"Hapana, bosi," Emery alisema kwa Kiingereza. "Simjui."

Wakati huohuo Carmel, ambaye alikuwa amelala mgongoni kwangu, akaamka. Akamwona baba yake. Akatoa mikono yote miwili nje ya kitenge akaita, "Papa! Papa!"

Sijui niliwezaje kugeuka upesi namna ile. Niligeuza mgongo wangu na mtoto wangu kuelekea ukuta. Bahati yetu, kwetu kila mwanaume mzima ni papa, na kina mama walikuwa wamekwisha kuanza kelele, papa huyu, papa yule, msimamizi hakushika kitu. Nikaenda kusimama kwenye mapipa ya taka, nikimtikisa mtoto na kumwimbia chochote. Alilia akinyoosha shingo. Emery hakugeuka hata mara moja. Niliona vidole vyake tu nyuma ya mgongo, vikiminyana.

"Una njia mbili, mzee," msimamizi alisema. "Ulipe faini, chuma kinatoka sasa hivi, unakwenda zako. Au upinge, ni haki yako. Ukipinga, sema nani alikufungulia. Likiwa kosa la mlinzi hulipi hata senti, na mlinzi huyo kesho harudi hapa."

"Nikipinga bila kutaja mtu?"

"Gari litangoja hapa mpaka wenye kampuni wasikilize. Na kila siku likilala, inaongezwa." Akainua mabega. "Eish, madala, mzee wangu, mimi pia nina wakubwa wangu."

Mama Jeannine, kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, alimsogelea Papa Hénock. Mama yule hajui kunong'ona. Lakini alisema Kiswahili, na msimamizi hakukielewa.

"Pinga, Papa Hénock! Si ni wewe uliyempelekea mtu ndoo? Mtaje kijana. Amekukana mbele ya macho yako kama Petro, jogoo tu ndiye hajawika!"

"Majogoo wa mji huu wote wako kwenye friji, mama."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kule kwenye mapipa, kisha nikaona aibu. Mama Jeannine ndipo akaniona. Akafunga mdomo, akaufungua tena, akasema, "Aa, Mama Carmel. Mimi naongea tu."

Lakini alikuwa amesema ambalo kila mtu aliliwaza. Ukweli ulikuwa upande wa Papa Hénock. Hakuingia kwa kuiba, alifunguliwa na mwenye kazi ya kufungua. Neno moja tu, Emery, na chuma kingetoka. Na sisi? Kazi ya ulinzi kwa mtu mwenye karatasi za ukimbizi kama zetu haipatikani mara mbili. Emery alipoipata tulikuwa tunakula kwa majirani, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi ya mwisho.

Nilitaka kwenda kumwambia, baba, lipa. Kwa mdomo gani? Pesa ni yake, jasho lake la kubeba friji za watu kwenye ngazi. Giaboksi ya gari ilikuwa inalia, na hela hiyo ndiyo ya giaboksi, jambo ambalo kila mtu aliyepanda Venture alilijua kwa masikio yake. Na kesho yake alikuwa na familia ya kuihamishia Soweto. Ningemwambia, baba, mtaje? Huyo ni baba wa mtoto wangu. Basi nilisimama na mtoto wangu, kila upande niliogeukia palikuwa na mtu nisiyeweza kumtazama.

Papa Hénock aliingia garini akafunga mlango. Akakaa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, kama mtu anayeendesha. Alitazama mbele, kwenye ukuta. Wengine walikaa chini kwenye kivuli cha jengo, ngoma katikati yao. Baada ya muda alinipungia mkono. Nikaenda kwenye dirisha lake.

"Mtoto amekula?"

"Amekula, baba."

"Na yule kule?"

Hakuelekeza kidole. Nilimwelewa.

"Alikunywa chai tu asubuhi."

Akatikisa kichwa. Alikuwa na ufunguo mkononi, anaugeuza kwa kidole gumba, juu, chini.

"Ningepinga, Mama Carmel. Nakwambia kweli. Ningepinga mpaka wao wachoke, wewe unanijua." Akaacha kuugeuza ufunguo. "Kule walitupa ufunguo mtoni nikaondoka kwa miguu, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Leo ufunguo huu hapa, ninao."

"Baba..."

"Usiniombe kitu." Hakusema kwa ukali. "Ukiniomba nitasema nimelipa kwa sababu yako."

Alishuka, akaingiza mkono ndani ya koti, mfuko wa ndani kabisa, akatoa bahasha iliyokunjwa. Haikutosha. Mama Jeannine akainuka kwa kishindo, akafungua fundo la kitenge chake.

"Chukua," alisema. "Lakini nakukopesha kwa hasira."

"Nitakurudishia kwa hasira."

Msimamizi alihesabu, akaandika risiti. Sasa, Papa Hénock na risiti! Mtu huyu anasoma hata risiti ya nyanya, mstari kwa mstari, miwani kwenye ncha ya pua. Siku hiyo hakuipokea. Msimamizi alibaki ameinyoosha, mwisho akaiweka kwenye boneti, na gari lilipotoka upepo ukaichukua.

"Sharp, madala," msimamizi aliaga. "Wakati mwingine, tikiti."

Kutoka ni lazima kupita getini. Emery ndiye wa kufungua, na msimamizi alikuwa amesimama ubavuni mwake. Nilimfunika Carmel kichwa na kitenge. Barieri ikapanda. Papa Hénock aliteremsha kioo kama kawaida yake.

"Thank you, security," alisema, kwa Kiingereza, kama watu wa ofisi wanavyosema.

Tangu Braamfontein mpaka Yeoville giaboksi ndiyo iliyoongea peke yake.

Jioni Emery alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Akaniuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia hakusema kitu. Akatoka, akapanda ngazi mpaka mlango wa Papa Hénock, ghorofa ya juu yetu. Nilisikia akibisha na nikasikia mlango ukifunguliwa. Sikusikia mengi. Nilimsikia Papa Hénock akisema, "Ulifanya vizuri, mwanangu. Kula, ulale." Na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesamehe wala ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa kama ya mtu aliyebeba friji mpaka ghorofa ya nne akakuta si nyumba yenyewe.

Jumapili iliyofuata gari lilifika getini. Msimamizi hakuwepo. Emery alikuwa na mkono kwenye kitufe chake na mdomo umekwisha kufunguka kwa ile Amina. Papa Hénock akatoa mkono nje, akabonyeza, akachukua tikiti. Akaiweka juu ya dashibodi tuione wote. Barieri ikapanda yenyewe.

"Kamera," alisema, kabla Mama Jeannine hajauliza. Akaonyesha kwa kidevu juu ya kibanda.

Mpaka leo ni hivyo. Kwenye ngazi za jengo letu anamsalimia Emery, Bwana asifiwe, na Emery anaitikia chini chini. Giaboksi bado inalia. Pesa ya tikiti anaitoa mwenyewe kila Jumapili na hataki mtu amchangie. Emery alijaribu mara moja, akarudishiwa sarafu zake mkononi, akafungwa vidole juu yake kimoja kimoja.

Lakini kitu ninachotaka kukiandika ni hiki. Ile robot ya mwisho, taa ya barabarani kabla ya maegesho, ikiwa nyekundu, Papa Hénock anapandisha kioo chake. Kisha anageuka na kusema, "Na nyie huko nyuma." Tunapandisha vyote, hata siku za joto la Desemba, tumebanana na ngoma na spika, jasho linatuteremka. Mara ya kwanza sikuelewa. Halafu tukafika getini, na Carmel akamwona baba yake. Alisimama kwenye mapaja yangu, akapiga kioo kwa viganja, akaita "Papa!" kwa nguvu zake zote, na sauti ikabaki ndani ya gari. Papa Hénock akaanzisha wimbo. Mama Jeannine akaudaka. Nje, Emery alitazama mbele, mikono nyuma, na mti ule ukapanda polepole, na kioo mbele ya mdomo wa mtoto wangu kikajaa ukungu.