Shokapu za Kumleta Mama

Majirani zangu wa Tunduma walikuwa wakinitania kwamba nina mke mwenza, nami nilikuwa nikiwajibu kwamba ni kweli ninaye, analala uani na anakunywa petroli. Lilikuwa gari dogo la Kifaransa, rangi ya maziwa, ambalo mume wangu alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama baada ya uhuru. Siku za kazi lilibeba abiria wa mpakani. Ila mara moja kwa mwaka, kahawa ikishauzwa, wenye magari wa Tunduma, Mbozi na Mbeya walikutana kwenye kiwanja cha ndege cha nyasi ambacho ndege hazikuwa zikitua, wakashindana kukizunguka hadi vumbi likawafunika wao na watazamaji wao. Kwa ajili ya siku hiyo moja mume wangu alikuwa radhi kuninyima usingizi mwaka mzima.

Tatizo lake lilikuwa kwenye kona. Injini ilikuwa na nguvu, lakini gari likiingia kwenye kona yenye mashimo lilikuwa linaruka kama mbuzi na kuacha njia. Watu wote walimpa dawa moja: afunge shokapu ngumu, ngumu kabisa, za kama lori. Mji wetu ulikuwa mji wa malori, na kwa watu wa malori chombo kigumu ndicho chombo. Gari laini waliliita gari la maharusi.

Mimi nilikuwa na tatizo langu, na halikuwa la kona. Mama yangu alikuwa kijijini Isansa, peke yake. Baba alishafariki, na tumbo la mama lilikuwa limenizaa mimi tu. Masika ya mwaka ule aliteleza kwenye mteremko wa kisimani, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo hakunyooka tena. Jirani ndiye aliyekuwa akimwashia moto na kumtekea maji. Nilitaka aje akae kwangu, nimtunze kwa mikono yangu. Tulijaribu kumleta kwa lori la mahindi, tukamlaza juu ya magunia, na hata barabara kuu hatujaiona akazimia kwa maumivu. Tulimrudisha akiwa kimya, na alipozinduka akaapa kwamba hatapanda tena kitu chenye magurudumu.

Barabara zenyewe zilikuwa hivyo. Magari ya mafuta ya kwenda Zambia yalikuwa yakipita usiku na mchana, yakaikunja ardhi ikawa mistari mistari kama bati la nyumba. Lami ilikuwa bado habari ya redioni. Ukitoka barabara kuu kuelekea Isansa ulikutana na mistari ile ile, pamoja na makorongo ambayo hata baiskeli iliyaonea aibu.

Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo mama hakulitaja. Kwetu, mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawasemeshani, wala hawali chakula mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Mume wangu ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na kwao mkwe huingia sebuleni, akanywa chai na kucheka na mama mzaa chema wake. Mila yetu ilimshangaza, lakini aliishika bila kunung'unika. Tangu anioe, yeye na mama walikuwa hawajapeana hata neno moja. Sasa mama kama huyo utamwambiaje akakae chini ya paa la mkwewe?

"Ni mgongo tu unaonizuia," mama alikuwa akisema kila nilipokwenda kumbembeleza.

Siku moja nilirudi kutoka Isansa nimefura kwa hasira, nikamkuta mume wangu amelala chini ya gari akipiga mluzi. Nikamwambia ukweli wake. Nikamwambia yeye anahangaika gari lisimrushe kwenye kiwanja cha kuchezea, na mama yangu anakauka kule porini kwa sababu hakuna gari linaloweza kumbeba asirushwe. Mluzi ukakatika. Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kufikiri sana. Kisha asubuhi moja akaniambia, "Bibie, jitayarishe, twende ng'ambo."

Ng'ambo ilikuwa mwendo wa miguu tu. Upande wa Zambia alikuwako fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye miji ya migodi, ambako Wazungu walikuwa wakishindana kwa magari kila mwezi. Alitupokea kwa "Mwaiseni mukwai," karibuni ya kwao, akafuta benchi kwa mkono wa shati, akaweka shokapu mbele yetu, kila aina na mahali pake. Nilidhani nitachoka. Badala yake nilisahau hata jua liko wapi.

Za kwanza zilikuwa ngumu moja kwa moja, zile zile alizoota mume wangu. "Hizi za kushinda," fundi alisema. "Abiria wako watalia, lakini utashinda." Za pili zilikuwa na waya zinazokwenda mpaka kwenye swichi mbele ya dereva, unabonyeza gari linakuwa laini, unabonyeza linakuwa gumu. Macho ya mume wangu yaling'aa nikajua tumekwisha. Nikauliza waya hizo zinapita wapi. Fundi akasema chini, kwenye matope. Nikauliza panya je? Fundi akacheka, akazisogeza pembeni mwenyewe.

Za tatu hazikuwa na urembo. Ubavuni zilikuwa na skrubu ndogo ya kuingiza bisibisi, basi. Fundi alinipa moja niishike, akaniambia nivute. Nikavuta, ikatoka taratibu bila kukwama. Akaizungusha skrubu kidogo tu, nisingeweza hata kuona imesogea, akaniambia vuta tena. Nilivuta kwa mikono miwili na kwa meno, ikatoka kwa kusuasua kana kwamba mtu mwingine ameishika upande wa pili.

"Ndani mna mafuta," alinieleza. "Yanapita kwenye tundu dogo. Ukikaza skrubu, tundu linazibika, mafuta yanachelewa. Ukilegeza, yanapita. Ni hivyo tu, mama."

Ni hivyo tu! Nilisimama nimekishika kile chuma, mwili umenisisimka. Nilikuwa nimezoea kuona barabara kuwa amri ya Mungu na ya serikali, kitu cha kuvumilia. Kumbe kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekaa akafikiri, akasema barabara siwezi kuibadilisha, lakini naweza kuibadilisha inavyomfikia aliyekaa juu yake. Na akaiweka akili yake yote kwenye tundu ambalo hata punje ya mtama isingepita. Sikuwa na haya, nilimwomba fundi anionyeshe tena.

Mume wangu alikuwa anatazama zile ngumu. Fundi, kwa uungwana, alimwonya kwamba hizi za skrubu hata akizikaza mpaka mwisho hazitafikia ugumu wa zile, na kwenye mashindano wenzake watakuwa na zile. Mume wangu aliziinua ngumu, akazipima mkononi, akazirudisha. Akasema, "Nipe za skrubu." Tukarudi nazo, yeye amebeba mbili na mimi mbili.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Jumamosi tulikwenda Isansa. Mama alitoka na kifurushi ambacho ungeweza kukitundika kwenye kidole, ufunguo wake na kuku wake amemwachia jirani. Alisema anakuja kuona ninapolala tu, na Jumapili awe kanisani kwake. Tena akaweka sharti: maumivu yakimshika kama siku ya lori, gari ligeuke hapo hapo. Nikakubali. Ningefanya nini?

Nilikuwa nimetundika khanga katikati ya gari kutenga kiti cha mbele na cha nyuma. Mume wangu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa amekigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa. Alisimama nyuma ya mgomba mpaka mama alipokwisha kuketi kwenye mito, ndipo akaja. Nilipomwona anakuja ameinamisha uso chini, mtu mzima wa Tanga na kofia yake ya kiua, nilimfungulia mlango mwenyewe.

Alikuwa amelegeza skrubu zote mpaka mwisho, akiamini kwamba laini kabisa ndiyo raha kabisa. Tukaondoka. Kwenye mistari ya kwanza gari lilipita vizuri, nikaanza kumshukuru Mungu mapema. Lakini baada ya shimo moja likaanza kuyumba, linapanda na kushuka na halitaki kutulia, na nyuma yangu nikasikia mama anaguna. Mume wangu akasimamisha gari.

"Bibie, muulize mama mzaa chema anajisikiaje."

Mama alikuwa nyuma ya khanga, pua yake na kisogo cha mume wangu havikuachana hata urefu wa mkono, na Kiswahili anakijua. Lakini mila ni mila. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kinyiha. Nilikuwa nimeshikilia kiti kwa nguvu nikisubiri aseme turudi.

"Mwambie mwenye gari," mama alisema, "mgongo hauumii, ila linanitikisa kama mtoto anayebembelezwa na mlevi."

Nilitafsiri, nikaona mabega ya mume wangu yakitikisika kwa kicheko alichokimeza. Akashuka na jeki na bisibisi, akalala chini kwenye vumbi na kanzu yake, akakaza kidogo nyuma na mbele. Tukaenda. Kuyumba kukaisha, lakini sasa kila mstari wa barabara uligonga.

"Mwambie mwenye gari, mbele ni pazuri, nyuma panapiga."

Alishuka tena. Akalegeza nyuma nusu ya kile alichokaza. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, tunasimama na kuondoka, watu wa mashambani wakisogea kututazama, huyu akiuliza, mimi nikipeleka, yule akijibu, mimi nikirudisha, wakati wote wawili wanasikilizana vizuri kuliko ninavyowasikia mimi. Na jinsi tulivyosonga ndivyo nilivyozidi kushangaa. Mama, ambaye hajawahi kufungua hata kofia ya injini, alikuwa akimwambia gurudumu lipi linachelewa kushuka. Mume wangu alikuwa anaelewa. Walikuwa wanazungumza juu ya mgongo wake, mfupa kwa mfupa, jambo ambalo mkwe hawezi hata kuliwaza, na hakuna mila iliyovunjwa.

Mbele ya daraja la mbao ndipo lilipokuwa korongo baya, lile lile alipozimia siku ya lori. Nilimsikia mama ameanza kusali. Mume wangu hakuenda polepole sana wala haraka, aliliingia tu. Gurudumu la mbele lilizama, likapanda, la nyuma likafuata, na ndani ya gari tulihisi kama mtu aliyevuta pumzi ndefu na kuishusha. Tukawa upande wa pili. Mume wangu akasimamisha gari bila kuuliza kitu. Nilingoja neno la kugeuza. Nilichungulia kwenye khanga, nikamwona mama ameweka kiganja kwenye sakafu ya gari, anaipapasa.

"Mbona hamwendi?" aliniuliza.

Nililia kuanzia pale hadi barabara kuu, na sikujificha.

Tulifika Tunduma alasiri. Nilimsaidia mama kushuka, nikamweka kwenye mkeka kivulini, ubavu ukiwa upande wa gari, amejifunika kitenge usoni inavyotakiwa. Alichungulia mlango wangu, jiko langu na kuku wangu. Mume wangu alikuwa amesharudi chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, na mpaka wakati huo watu walikuwa wamekwisha kupita kumtania kuhusu kesho, wanamuuliza amezikaza kiasi gani.

Kesho. Nilikuwa nimeisahau. Kumpeleka mama Isansa awahi ibada na kurudi, tena kwa mwendo ule wa kusimama simama, mashindano yangempita. Mume wangu alilijua hilo tangu asubuhi.

"Bibie," aliniita kutoka chini ya gari, sauti ya kawaida kabisa, "muulize mama mzaa chema, kesho tuondoke saa ngapi ili awahi kanisani? Shokapu naziacha hivi hivi, alivyozipenda."

Niligeuka nianze kutafsiri. Mama aliinua mkono kunizuia. Alikifunua kitenge usoni, akaigeukia ile miguu iliyokuwa imetokeza kwenye vumbi, na akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa lafudhi yetu ya Isansa:

"Kaza, mwanangu. Mimi sirudi."

Mume wangu hakutoka chini ya gari. Kisha nikasikia bisibisi ikigotagota kwenye chuma, inaitafuta skrubu.