Siku Mume Wangu Alipokuja Kuota Moto wa Gesi

Najua utacheka. Cheka, ukimaliza unisikilize, maana haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, saa tisa mchana, mwaka ule wa mvua ya El Niño.

Mume wangu alikuwa akichimba dhahabu Macalder. Huko alilala kwenye hema la turubai, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwetu, karibu na Homa Bay. Kwa ajili ya hema hilo alinunua mjini Migori jiko dogo la gesi, mtungi mfupi tu na kichomeo juu yake. Nilimtania kwamba analipenda kuliko mimi, maana hata nyumbani alikuja nalo. Hakuna kuliwasha kabla ya kufungua dirisha na kupaka povu la sabuni pale kichomeo kinapoungana na mtungi, uone kama gesi inavuja. "Umepaka povu?" angeuliza, hata kama ameniona nikipaka. Swali hilo lilinikera sana.

Mwezi wa nne shimo liliporomoka akiwa ndani. Wenzake walichimba wakashindwa, wakaniletea blanketi lake na lile jiko.

Sisi Wajaluo, mwili usipopatikana tunazika yago badala yake, lile tunda refu, zito, la mti wa mwegea. Mama mkwe alitaka lizikwe upesi. Nikakataa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba sitazika tunda na mume wangu huenda yuko hai mahali. Niambie, wewe ungekubali? Walinihurumia, wakaniacha, nami kila jioni nikawa namwekea chakula.

Miezi saba ikapita. Mvua ikaja, kuni zote zikalowa, nikalitoa jiko chini ya kitanda. Binti yetu Achieng alikuwa shuleni. Nikafungua dirisha, nikapaka povu, nikawasha, nikabandika chai.

"Umepaka povu?"

"Nimepaka," nikajibu, kabla sijajua namjibu nani.

Amini usiamini, alikuwa amekaa kwenye kigoda, na alikuwa ananyeshewa. Ndani ya nyumba! Maji yalimtiririka usoni, na bati letu halivuji. Ningepaswa kuogopa, sivyo? Nilifurahi mno. Nikanyoosha mkono nimshike, akajivuta nyuma.

"Nyar Karachuonyo," akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, kama alivyoniita siku zote, "ongeza moto kidogo."

Nikaongeza. Akasogeza mikono mpaka mwali wa buluu ukapita katikati ya vidole. Havikuungua.

"Bado," akasema. Nikafungua mpaka mwisho. "Bado. Mtu hana pahali amelazwa, hasikii joto."

"Basi kaa hapa na mimi. Gesi nitanunua kila siku."

"Na hii mvua yangu utaizima aje?"

Hapo nikaelewa. Miezi saba nililia mimi, nikabembelezwa mimi, na yeye alikuwa nje.

"Nikikuzika, utakuja tena?"

"Sitakuja."

Nikamtazama. Nilimtazama mpaka chai ikafurika ikauzima moto, gesi ikawa inatoka bila mwali. Niliisikia ikivuma na nikainusa. Nitakwambia ukweli: nilifikiria kuiacha, nifunge dirisha, niende naye. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye dirisha.

"Funga gesi!" akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kunipigia kelele tangu anioe. "Achieng akitoka shule atapata nani? Funga, mama!"

Nikafunga. Nilipoinua macho, kigoda kilikuwa kitupu, na kikavu.

Nilikimbia mvuani hadi kwa mama mkwe. Sikuwa nimesema neno. Aliniangalia tu akasema, "Kwangu anakuja kila wiki. Anasimama mlangoni, haingii. Ananiambia niongee na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Kesho yake tulilizika yago.

Wapo wanaosema gesi ilinipanda kichwani. Dirisha lilikuwa wazi, na povu nilipaka. Hakurudi tena, wala ndotoni, na ndoto tu ingenitosha. Nimemkosa mpaka leo. Siku za mvua mimi hukaa karibu na mlango bila kazi yoyote, na mara nyingine, Mungu anisamehe, natamani tusingemzika.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayemzuia mtu wako kwa sababu unampenda mno. Mzike. Usingoje aje kukuomba mwenyewe. Wangu aliniomba, akitetemeka mbele ya macho yangu, na bado nilitaka kwanza anihurumie mimi.