Semeni Mmepona

Mjukuu wangu akipakwa mafuta ya nazi kichwani, mimi hutoka nje.

"Cucu, kwani yananuka?"

"Hapana, mama. Endelea kusukwa."

Mafuta hayo ndiyo mhubiri alitupaka kule Ngoliba, mimi na dada yangu mdogo, tukiugua surua kitanda kimoja. Mama alimwomba baba atupeleke hospitali. Baba akasema, "Kwani unataka kumwaibisha Mungu?"

Kwa kanisa letu, ukishaombewa lazima ushuhudie. Mhubiri akatuinamia. "Semeni mmepona."

"Nimepona," dada akasema, meno yakigongana. Wakapiga makofi.

Mimi nikasema, "Mimi bado. Nipeni maji."

Asubuhi dada alikuwa amekufa. Mhubiri akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye alizuia muujiza." Baba akaitikia amina.

Waliomuua ni hao wawili, nasema wazi. Wote walishazikwa, sina wa kuuliza. Jumapili bado naenda kanisa hapa Ruiru, maana sijui kwingine pa kumpata Mungu. Watu wakisimama kushuhudia, mimi hubaki nimekaa, nikijiuliza: kama ningesema tu nimepona, angekuwa hai?