Mwenzangu wa Benchi ya Tatu

Nilirudi Kamina kumzika mama. Siku ya nne ya kilio chumvi iliisha jikoni, nami nikasema nitakwenda sokoni mwenyewe, kumbe nilitaka tu kuondoka kidogo katikati ya watu. Mwenye pikipiki alikata njia ya nyuma ya reli, na kabla sijajiandaa tukawa mbele ya shule yangu ya msingi. Nikamwomba asimame.

Nadhani nawe umewahi kurudi mahali pa utoto wako ukakuta kila kitu kimepungua. Uwanja niliouona mkubwa kama uwanja wa ndege ni kipande cha udongo kilichobanwa na vibanda. Madarasa mawili yameanguka. Darasa la sita bado limesimama, na watoto walikuwa ndani wakiimba mafungu ya kuzidisha kwa Kifaransa, kwa sauti ileile ya kuvuta tuliyovuta sisi. Nilikaa juu ya pikipiki nikiwasikiliza mpaka mwenye pikipiki akaniuliza kama ninaumwa.

Ilikuwa shule ya wazazi. Zaire ilitupa bendera ya kijani yenye mwenge na karatasi yenye muhuri, mengine tulijifanyia. Baba zetu walikata miti, mama zetu walichota maji, sisi tulikanyaga udongo wa matofali mpaka magoti. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichofungwa kwenye mti, na ikigongwa ilisikika hadi gare, kituo cha treni. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya wote: kufagia, kufyeka, kupalilia shamba la mihogo lililokuwa la shule nzima. Mvua ikinyesha tulihamisha benchi kwenye kona isiyovuja tukaendelea na somo.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mtu mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo kola yake ilikwisha kugeuzwa ndani nje. Tulimwogopa, sitakuficha. Fimbo yake ilikuwa ya mti wa mpera na haikupumzika sana. Lakini alikuwa na sheria zake ambazo sikuziona tena mahali pengine. Saa ya mapumziko chakula kiliwekwa katikati ya benchi, kiwe viazi vitamu vya kuchoma, karanga, au samaki mkavu wa ziwa Kisale, na aliyekuja mikono mitupu alikula kwanza. Na mwenzako wa benchi alikuwa juu yako. Akikosa asubuhi, hakuulizwa direkta, mkuu wa shule, wala ndugu yake. Uliulizwa wewe.

"Mwenzako iko wapi?"

Mwenzangu alikuwa binti wa askari. Walikuja kutoka kaskazini, upande wa mto mkubwa, na nyumbani kwao, katika kambi ya askari, walisema Kilingala. Kiswahili alijifunzia kwangu, kwa hiyo alikosea palepale nilipokosea mimi. Alinifundisha kusuka nywele kwa uzi. Mimi nilimfundisha kugawanya namba ndefu. Alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya jino lililopandana. Sare yake alishonewa na mama yangu, kama nusu ya shule. Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu chini ya baraza yetu, na mlio wake ndio uliotuamsha na ndio uliotulaza. Baba alifanya kazi ya reli huko Luena, akarudi mara chache. Cherehani ndiyo ilikuwa nyumba.

Kisha ikaja ile miaka ya mwisho, wakati kila kitu cha Zaire kilipolegea. Siku moja askari walishuka mjini wakapora soko. Walitoka kambi gani, mpaka leo sijui. Wengine walisema walikuja kwa treni kutoka mbali. Tulilala chini ya kitanda tukisikia mabati yakivunjwa. Kwetu waliingia wawili. Hawakumpiga mtu. Walibeba cherehani, mmoja huku, mmoja huku, na mama akawafuata hadi barabarani akiwaomba kwa lugha zote alizozijua. Aliporudi alikaa barazani mbele ya alama nne za miguu ya ile mashini kwenye saruji. Hakulia. Kisha akaniambia neno moja.

"Usipite tena kule kambini. Unasikia?"

"Ninasikia, mama."

Shule ilipofunguliwa tena, nafasi iliyo kando yangu ilikuwa tupu. Mwalimu akauliza. Nikasema ni mgonjwa. Siku ya pili nikasema hivyohivyo. Siku ya tatu alikuja akasimama juu yangu, na kivuli chake kikafunika kaye yangu, daftari la hesabu.

"Iko mugonjwa ya nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi wende ukamutafute. Leo, ukitoka hapa."

Nilikwenda. Nilizunguka upande wa reli ili jirani zetu wasinione. Nilimkuta mwenzangu nyuma ya nyumba yao akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mama yake alinitazama muda mrefu kabla ya kujibu salamu yangu.

"Kule kwenu beko banasema nini juu yetu?"

"Hapana kitu, mama."

Nilidanganya, naye alijua. Lakini mwenzangu alikwisha kuweka mchi chini. Alisema, "Mama, anakuya kunikamata ku masomo," kana kwamba kuja kwangu kumrudisha shuleni kulimaliza maneno yote. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye benchi.

Walikuja siku mbili baadaye, saa ya hesabu. Tulisikia kwanza miguu mingi uwanjani, kisha mlango ukajaa. Walikuwa wazazi wetu. Mbele yao alisimama baba mmoja wa kamati ya wazazi, yuleyule aliyetufundisha kuchoma matofali. Duka lake lilikuwa limebaki kuta.

"Mwalimu, tunakuya kutosha batoto ba basoda." Basoda kwetu ni askari; walitaka watoto wao watolewe.

Mwalimu hakuweka chaki chini. "Kalasi iko mu somo. Mungojee mapumziko."

"Babaa yabo balitukulia kila kitu. Sasa batoto babo bakule na chaki yetu?"

"Bale batoto habakuendaka ku soko."

"Utuonyeshe tu. Beko ngapi?"

"Beko batoto makumi tano na mbili. Minyi njo nabahesabia kila asubuhi."

Watu wakaanza kuingia kati ya benchi. Walikuwa watatu darasani mwetu, watoto wa askari, na hatukuwa na alama ya kuwatofautisha: sote sare moja, sote miguu ya vumbi. Hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Tulitazama ubao, ambapo mwalimu alikuwa ameandika hesabu ya kugawanya akaiacha nusu. Kando yangu mwenzangu alikuwa ameshika kona ya kaye yake akiikunja na kuikunjua.

Ndipo nikamwona mama. Alipita nyuma ya wenzake, kitenge kimefungwa ovyo, yeye aliyekuwa hatoki nje bila kupiga nguo pasi. Alisimama mbele ya benchi ya tatu. Hakukasirika. Laiti angekasirika, labda ningenyamaza. Aliniita mwanangu kwa Kiluba, kama alivyoniita nilipokuwa na homa.

"Mwana wami. Huyu uko unaikala naye, ni mutoto wa nani?"

Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliyeniuliza alikuwa mama yangu. Nilikuwa nimelala usiku mwingi nikisikia ukimya pale palipokuwa mlio wa cherehani. Yote hayo ni kweli.

"Wa soda," nikasema.

Mwenzangu hakunitazama. Alifunga kaye yake, akachukua kalamu, akasimama. Watoto wengine wawili wa askari, mmoja nyuma na mmoja karibu na dirisha, wakasimama pia bila kuulizwa.

"Muikale," mwalimu akasema.

Hawakujua wamtii nani, wakae au watoke. Mwalimu alikuja hadi kwenye benchi yetu, fimbo ameiacha mezani. Alizungumza na mama polepole, kama mtu anayesoma imla.

"Mama, hii sare weye njo uliishona. Kama hautaki aikale hapa, muvue. Weye mwenyewe, na mikono yako."

Mama alinyoosha mkono akashika kola ya mwenzangu. Nakumbuka vidole vyake, vilivyojaa alama ndogo za sindano. Vilishuka kwenye bega, vikakuta mshono ambao alikuwa ameupanua mwanzoni mwa mwaka kwa sababu mtoto alikuwa amekua. Vikasimama hapo. Mwenzangu alikuwa ameinua mikono kidogo, tayari, kama mtoto anayevuliwa nguo na mama yake ili aoge.

Mama aliondoa mkono. Alikaza kitenge chake, akatoka, na watu wakampisha. Nyuma yake akatoka mwanamke mwingine, kisha wawili. Baba wa kamati alibaki mwisho.

"Tutabangojea inje," alisema.

Mwalimu alirudi ubaoni akamaliza kugawanya. Hakuna aliyeandika. Ilipofika saa sita, reli ikagongwa, naye akatupanga kwa safu kama siku ya salongo, kila mtu na mwenzake wa benchi.

"Leo tunasindikiza benzetu. Kalasi yote. Mushikane mikono."

Nilishika mkono wa mwenzangu. Hakuuvuta, wala hakuushika. Ulikaa ndani ya wangu kama kitu alichoniachia nikichunge. Tulipita katikati ya wazazi wetu, mwalimu mbele na shati lake jeupe, na mtu asingeweza kumgusa mtoto wa askari bila kumgusa mtoto wake mwenyewe au wa jirani. Jiwe moja lilirushwa. Lilimpiga mwalimu begani. Alikunja shingo kidogo, akaendelea kutembea. Hatukuimba. Hadi mlango wa kambi nilisikia nyayo zetu tu, na mtoto mmoja nyuma aliyekuwa na kwikwi.

Baba yake mwenzangu alitoka akiwa amevaa fulana iliyotoboka. Alimtazama mwalimu, akatutazama sisi sote hamsini na wawili, akavua kofia.

Baada ya hapo wazazi hawakurudi. Mwenzangu aliendelea kuja wiki chache. Chakula tulikiweka katikati kama sheria ilivyotaka, na nilipomwazima kifutio alisema asante. Lakini hakucheka tena nikiwa karibu. Kisha familia nyingi za askari zikapakiwa kwenye treni, na nilijua kwamba ameondoka kwa kuona benchi. Sikuaga. Nilikuwa na maneno, niliyapanga kila usiku, na kila asubuhi nikayabeba shuleni nikarudi nayo.

Mama alipata cherehani nyingine miaka baadaye, ya mkono. Siku ile hatukuitaja kamwe, mimi na yeye, na sasa yuko chini ya udongo. Mwalimu alitangulia zamani. Ile jeuri yake, ya kusimama mbele ya watu wazima wenye uchungu wa kweli na kuwaambia wangoje mapumziko, sijui ilikwenda wapi. Mimi ni mwalimu pia, huko Lubumbashi, na ninapofunga mlango wa darasa langu najiuliza kama ninayo.

Jioni ya siku ile ya chumvi, mmoja wa tuliosoma pamoja alikuja kwenye kilio, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nilimweleza kwamba nimepita shuleni. Alielewa bila mimi kuendelea. Aliniambia nisijitese, kwamba mtoto yeyote wa darasa lile angejibu kama nilivyojibu mimi, kama angeulizwa na mama yake vile.

Labda. Lakini niliulizwa mimi.