Usikate Kichwa cha Sipre

Wageni wanaofika kwangu huisifu miti, kisha macho yao hutua kwenye ule mmoja ulio karibu na lango. Mingine yote ni myembamba, imenyooka kwenda juu. Ule mmoja ni mnene, umetanuka ovyo. "Fundi wako alikosea hapa?" huuliza. Sina fundi, na hakuna aliyekosea.

Nilikulia Bulengera, Butembo, katika kiwanja chembamba mno. Watu wawili wakikutana kwenye njia ya kwenda nyumbani, mmoja aligeuka ubavu. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alifariki kabla ya vita akatuachia kiwanja hicho na nyumba ya vyumba viwili. Majirani walizungushia viwanja vyao sipre za kawaida, zile zinazojitanua. Mama alizikataa. Alisema ukipanda zile kwetu, mti utalala ndani na sisi tutalala nje. Akaenda Kalunguta kwa kaka yake, aliyetunza bustani ya kanisa, akarudi na miche ya sipre nyembamba, amejitwika kichwani ndani ya makopo ya maziwa ya unga.

Aliipanda pande zote mbili za njia, kwa samadi iliyokwisha kupoa. Mama alikuwa mshonaji, na makasi yake makuukuu, yaliyoshindwa na kitambaa, ndiyo yaliyopewa miti. Alikuwa na sheria zake. Kata majani mabichi ya nje tu, usifike kwenye ukuni wa kahawia, maana hapo sipre haichipui tena. Tawi likitoka mstarini, lifunge kwa kamba ya mgomba, bila kulibana. Na kichwa usikiguse kabisa. "Ukikata kichwa, inanenepa," alituambia. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi wanawe watatu tulikunjwa pamoja na miti ile. Kila Jumamosi, kabla ya kufua nguo za kanisani, tuliipitia mmoja mmoja.

Vita vilipofika, nusu ya mtaa ilikimbia. Shangazi alituma ujumbe kutoka Beni tumfuate, lakini Mama alikuwa ameona yanayotokea. Kiwanja chenye uzio uliovurugika kilihesabiwa hakina mwenyewe. Ukipita tena, unakuta sare za askari zimeanikwa uani, na hao askari hawatoki. Nyumba ile ndiyo tuliyokuwa nayo, hatukuwa na nyingine. Basi yeye akazidi kupunguza miti yake, tena mchana kweupe.

"Bakiona miti imepangwa, batajua mwenyewe iko," alisema.

Kisha waasi walioushika mji wakatoa amri: kila uzio na kila mti wa mbele ya nyumba ukatwe, ubaki kimo cha kifua, adui wa msituni asipate pa kujificha. Majirani wakakata. Mama mmoja jirani akaja kumsihi mama yangu.

"Mama, mwenye nguvu mupishe."

"Nitamupisha wapi, na kanjia kenyewe ni kadogo?"

Asubuhi moja komanda akaja na askari wawili wenye mapanga. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, mwenye tumbo lake.

"Mama, juu ya nini hapana kata hizi miti? Ordre ni ordre. Adui atajificha humu."

"Adui gani? Huu muti ni mwembamba kuliko mutoto wangu," Mama akajibu. "Chef, simama nyuma yake, tuone kama utapotea."

Mimi nilikuwa mlangoni. Sijui nini kilimwingia yule bwana. Akasimama kweli nyuma ya mti ulio karibu na lango. Tumbo likatokea upande huu, bunduki upande ule. Majirani, waliokuwa wanachungulia juu ya nyua zao zilizokatwa, wakacheka. Askari wake wawili wakaangalia chini. Nilimwogopea Mama siku ile, na sijawahi kumpenda zaidi.

Komanda akamnyang'anya askari mmoja panga, akakifyeka kichwa cha mti ule.

"Nakata huu moja. Kesho narudia ingine!"

"Chef, umekata kichwa, sasa itanenepa. Sasa ndiyo itaficha mutu."

"Mama, tika makambo!" akafoka kwa Kilingala, kwamba aache maneno, akaondoka.

Hakurudi. Kikosi chake kilihamishiwa Beni, wakaja wengine wasiojua habari za ile amri.

Nilitaka tuung'oe mti ule, kwa kuwa ulituharibia mstari. Mama akakataa hata kuufunga kamba. "Acha. Baone kazi ya mukono yabo." Basi ukanenepa kama alivyosema. Matawi yakasukumana upande mmoja hadi ukuta wa jirani, upande mwingine hadi njiani, nasi tukawa tunapita pale kwa ubavu, mimi nikinung'unika.

Miaka ilipita, na alasiri moja risasi zikalia upande wa soko. Askari walikuwa wanaukimbia mji, wanaiba nyumba kwa nyumba na kuchukua watoto wa kubeba mizigo. Watoto wa namna hiyo wengi hawakurudi. Mama alitusukuma sote watatu ndani ya mti mnene, kati ya shina na ukuta, kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake mlangoni, akashona.

Wakaingia. Niliona viatu vyao kupitia majani.

"Batoto iko wapi?"

"Beni, kwa shangazi yabo."

Mmoja alikuja kuegemea tawi lililokuwa karibu na uso wangu. Nilimziba mdogo wangu mdomo kwa kiganja. Walichukua cherehani na kuku, wakaenda zao.

Mama alitutoa sisi, vichwa vimejaa majani makavu. Akalia kwa ajili ya cherehani, akatuhesabu kwa kutugusa vichwa, akalia tena. Kisha akautazama ule mti. "Asante, Chef," akasema, akatema mate chini.

Leo nina kiwanja changu hapa Butembo, na nina watoto. Bunduki za upande wa Beni hazijanyamaza, na ndugu zangu huniambia nihame. Sihami. Nimepanda sipre nyembamba pande zote mbili za njia, ninazifunga kwa kamba ya mgomba, ninazipunguza Jumamosi. Ule mmoja wa langoni, nilipanda juu ya kiti na panga mkononi, nikaukata kichwa mwenyewe.