Pampu Chini ya Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipeleka orofa ya chini kabisa ya jengo moja mjini Kisii, akanionyesha mfuniko wa chuma sakafuni.

"Kerubo, weka mkono hapa."

Nikaweka. Chuma kikatetemeka, kisha nikasikia maji yakikimbia ndani ya bomba juu ya kichwa changu.

"Maji ya vyoo vya orofa hii," akasema. "Bomba kuu la mji liko juu yetu, barabarani. Bila pampu iliyo shimoni chini ya mfuniko huu, yote yangebaki hapa."

Nilikuwa nimetoka kwetu Mosocho nikiona haya kusema nimeajiriwa kazi ya vyoo. Pale nilisimama kinywa wazi.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mpole, asiyependa kurudia maneno. Pampu ikigoma, alitufundisha, anza na umeme. Kisha kielea, lile boya linaloiwasha maji yakijaa. Kisha impela, yaani mapanga yanayosukuma maji. Shimoni hakuna kuingia, kwa sababu hewa ya mle huua mtu kabla hajapiga kelele.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Nyamira, kutunza hospitali iliyojengwa kwenye mteremko. Wodi ya wazazi ilikuwa chini kabisa. Asubuhi moja Matroni alinipigia simu.

"Kerubo, maji machafu yanatoka kwenye sakafu ya bafu. Nina akina mama tisa, na mmoja yuko karibu kujifungua. Nikimhamisha sasa, atajifungulia njiani."

Nikamwomba afunge mifereji yote. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikainua kielea kwa fimbo, mota ikaunguruma, lakini maji hayakushuka hata kidogo. Nikazima umeme, na wapagazi wawili wakanisaidia kuivuta pampu kwa mnyororo. Nilitarajia kukuta kitambaa kimejisokota kwenye impela. Ilikuwa safi, ikizunguka vizuri kwa kidole. Tukairudisha. Ikaunguruma tena, bure.

Maji yalikuwa yamefika mlango wa wodi. Nikampigia Fundi Mkuu, aliyekuwa amestaafu.

"Inaunguruma?" akauliza.

"Inaunguruma, Mzee, lakini haisukumi."

"Basi imeshika hewa. Mapanga yanazunguka bila maji. Tafuta tundu kwenye bomba, juu ya pampu, chini ya vali."

Vali hiyo huzuia maji yaliyopanda yasirudi. Chini yake hutobolewa tundu la kutoa hewa. Nilikuwa nimelishika bomba lile lile nisilione tundu, kwa maana mafuta yaliyoganda yalikuwa yamelifunika. Tukaivuta pampu mara ya pili. Nikakwangua, nikapitisha waya. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya hindi.

Nilipowasha, mlio ulibadilika, ukawa mzito. Bomba likatikisika ukutani. Maji yakaanza kushuka, yakaacha alama nyeusi kwenye kuta za shimo. Matroni alikuja na ndoo na dawa ya kusafishia, akasimama kando yangu.

"Nyasae, Mungu wangu!" akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nimetembea juu ya kitu hiki."

Yule mama alijifungua saa sita mchana, kwenye kitanda chake, mtoto wa kike. Mimi nilikuwa nje nikinawa mikono, bado nashangaa kwamba wodi nzima ilitegemea tundu lile.

Sasa nimestaafu, naishi Nyakoe. Watu huniuliza kama sikuchoshwa na uvundo. Ulinichosha wiki ya kwanza tu. Nikienda sokoni Daraja Mbili, wenzangu hutazama majengo mapya ya mjini wakihesabu orofa kwenda juu. Mimi huwaza ile ya chini kabisa, na mtu nisiyemjua aliyeinama huko asubuhi hii, ili walio juu wasiwe na la kuwaza.