Viatu vya Ngozi Havikaushwi Jikoni

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo ndoa yangu nusura ivunjike kabla haijafungwa, kwa sababu ya jozi ya viatu vilivyowekwa karibu na moto. Nakusimulia kwa kuwa nimechoka. Nimechoka kuwaona mnatumbukiza viatu vya ngozi kwenye ndoo ya sabuni ya unga, kisha mnavianika juu ya bati jua la saa saba, na vikipasuka mnamlaumu aliyewauzia. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, hamsikii.

Nilikuwa msichana wa hapa Tabora mjini. Baba yangu, Mzee Nasoro, alikuwa akinunua asali na nta kwa warina wa Ipole na kuziuza nyumbani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kitu kikiharibiwa kwa uzembe alikosa raha kutwa. Kijana aliyetaka kunioa, Hamisi, alikuwa mkulima wa Bukene. Siku hizo mposaji hakuja mwenyewe, walikuja wazee wake, lakini baba alisema hamtoi binti kwa mtu asiyemjua hata sura. Basi Hamisi akapanda treni pamoja na baba yake mdogo, amevaa viatu vyeusi vya ngozi alivyoachiwa na marehemu baba yake. Vya heshima alikuwa na hivyo tu.

Mvua iliwakuta njiani kutoka stesheni. Walifika kwetu viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Hamisi akaomba kwenda uani kunawa miguu, na huko akaona jiko la mkaa. Hakumuuliza mtu. Akaviegesha viatu vyake ubavuni mwa jiko, akarudi kuketi mkekani. Mama alikuwa ameshaipua chai na kuja kusimama nami nyuma ya pazia, tukisikiliza, kwa hiyo huko jikoni hakubaki mtu.

Baba mdogo wa Hamisi ndiyo kwanza alikuwa anaeleza kilichowaleta, harufu ya ngozi inayoungua ikaingia sebuleni. Baba akamwomba radhi, akatoka uani. Alirudi ameshika viatu kwa ncha za vidole. Kimoja kilikuwa kimejikunja pua juu, kingine kimepasuka ubavuni. Akauliza ni vya nani. Hamisi akasema ni vyake, aliviweka mwenyewe, maana treni ya kurudi ilikuwa jioni ile na alitaka vikauke upesi. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba vilikuwa vya baba yake.

"Baba yako kakuachia kitu kimoja cha kuvaa mbele za watu," baba alisema, "nawe umeshindwa kukingoja kikauke. Binti yangu nikikupa, siku akikuchelewesha utamfanyaje?"

Baba mdogo akajaribu kutuliza mambo, akasema ni viatu tu. Afadhali angenyamaza. Baba alisema posa hajaikataa wala hajaikubali. Hamisi arudi mvua zikikatika, na arudi na viatu vile vile. Akampa bonge la nta, akamweleza namna ya kuiyeyusha na mafuta ya nyonyo kidogo na kupaka ngozi taratibu mpaka ilainike. Kijana wa watu akaondoka na kandambili za baba, viatu kavifunga kwenye mfuko.

Mimi nilikasirishwa na wote wawili, mmoja kwa kuchoma viatu, mwingine kwa kuipima ndoa yangu kwa viatu hivyo. Nilimpikia baba huku nimenuna muda mrefu.

Mvua zilipokatika, Hamisi alirudi amevivaa. Baba alivichukua akavitazama mlangoni penye mwanga. Kile kilichojikunja kilikuwa kimenyooka. Kile chenye ufa fundi alikishona, na mshono ulionekana wazi.

"Hiki kimepona, mzee," Hamisi alisema kabla ya kuulizwa. "Hiki kingine nilikichelewa. Nimefanya nilichoweza."

Baba alivipanga viatu mwenyewe kivulini, kando ya ukuta, kisha akamwambia mama alete chai. Nikajua nimeolewa. Na huyo mume, mwanangu, mpaka leo hajawahi kunikemea kwa kuchelewa, ingawa matambara yake ya kupigia viatu rangi yamenijazia nyumba.

Basi sikia, sitarudia. Kiatu kikilowa, kifute tope kwa kitambaa chenye unyevu, usikitie ndooni. Toa kamba, jaza magazeti ndani, yakilowa badilisha. Kiweke kivulini penye upepo, si juani wala karibu na moto, hata kama una safari. Kikikauka, kipige brashi, paka nta au rangi ya viatu kidogo, kiache kinywe, ndipo usugue. Na ukishaharibu, sema umeharibu, kisha kaa chini utengeneze kinachotengenezeka. Watu nao wanataka hivyo hivyo: wape muda, usiwaweke motoni kwa haraka zako.

Mungu akupe subira niliyoishiwa mimi, aibariki miguu yako kila iendako, na mlango utakaoubisha ufunguliwe kwa heri. Amina.